Kopo la Mikono

Wanafunzi wangu, siku mliponiaga pale karakanani, baada ya soda na maandazi, mmoja wenu aliniuliza swali ambalo naona wengi mlikuwa nalo muda mrefu: kwa nini watu wa karatasi wa kwenye masanduku yangu hawana mikono? Huyu kaificha nyuma ya mgomba, yule kaitia mfukoni, mwingine kashika kitabu cha nyimbo na vidole havionekani. Nilijibu kwamba mikono ni kazi ngumu, mkacheka, tukaendelea na maandazi. Lilikuwa jibu la mtu anayetaka kuwahi gari. Sasa nimekaa nyumbani Ikuti, macho yangu hayaioni tena ncha ya wembe, na nafasi ya kueleza ninayo. Mimi ni mwoga. Kazi yangu yote niliifanya nikiwa na hofu, na anayedhani kazi hii ni ya majasiri asome tu mpaka mwisho.

Nilianza kwa Mzee Salehe, mwenye studio ya picha kule chini ya soko la Tukuyu. Alikuwa mtu wa Kondoa. Alikuja huku kupiga picha za harusi moja, mvua ikamzuia kuondoka, akaoa. Siku yangu ya kwanza aliniingiza katika chumba cha giza chenye taa nyekundu, akatumbukiza karatasi nyeupe kwenye beseni la dawa, akasema, "Tingisha polepole, usifungue mlango," akatoka. Hakuniambia kitu kingine. Nikatingisha. Mara nikaona macho mawili yananitazama kutoka chini ya maji, kisha pua, kisha mwanamume mzima mwenye tai. Nilipiga ukelele. Mzee Salehe akasema kutoka nje, bila haraka, "Ukifungua umemuua." Nikabaki mle na yule bwana, natetemeka na kutingisha, mpaka alipokamilika. Jioni nikamwambia mama sirudi tena. Mama akaniambia sawa, chai ya kuchuma ipo, kapu langu liko palepale. Asubuhi nikarudi studio.

Kazi niliyopewa iliitwa kuunganisha. Wanaume wengi wa Rungwe walikuwa migodini Zambia, wake zao wako huku kwenye migomba. Mume alituma picha kwa barua, mke akaja studio akapigwa kwa kipimo kilekile, nasi tukawakata wote wawili, tukawabandika kwenye pazia dogo lililochorwa migomba na kulipiga picha upya. Watu ambao hawakuonana miaka mingi wakawa wamesimama bega kwa bega. Wanawake waliichukua ile picha kwa mikono miwili, na wengine walikaa nayo pale benchini wasiondoke.

Mambo ya wembe mnayajua, lakini niyaandike kama Mzee Salehe alivyonipa. Usisogeze wembe, sogeza karatasi. Ukishakata, geuza kipande ukisugue mgongoni kwa msasa laini mpaka kiwe chembamba kama ganda la kitunguu, halafu pitisha penseli ukingoni, kwa sababu ni ule ukingo mweupe unaosema huyu kabandikwa. Gundi pika ya unga wa ngano, tia mrututu kidogo, ule wanaopulizia kahawa. Bila mrututu, kwa unyevunyevu wa Tukuyu, picha itaota ukungu, na kisichochukuliwa na ukungu kitachukuliwa na mende.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Lupepo. Mwanawe alitaka apelekewe picha ya ukoo wote: baba, mama, mke na watoto. Mzee Salehe akapanga. Kwa kuwa urefu ulilingana, akamweka mke wa kijana kando ya baba mkwe. Nilimwambia, "Mzee, huyu ni mkamwana wake." Akasema, "Ndiyo, si ndiyo familia?" Hakujua. Kwetu siku zile mkamwana hamtazami baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani na kuinama mpaka apite. Na hapa tumewasimamisha wanagusana mabega.

Mzee wa Lupepo alipofunuliwa ile picha aligeuka akatazama ukuta. Akaniambia akiwa palepale ukutani, "Binti, funika hicho kitu." Nikafunika. Akauliza, "Nani amenisimamisha na mkamwana wangu?" Mzee Salehe alikuwa anafuta kamera, hakuelewa uzito wake, lakini mimi niliuelewa. Mzee akinung'unika kwetu, hata kwa sauti ya chini, ni laana, na wenye nyumba wanaanza kuhesabu watoto wao nani anakohoa. Nikamwomba atupe wiki. Akaondoka bila kuaga.

Ilikuwa miezi ya mvua, na kwetu hiyo ni karibu yote. Nilipolifungua lile pazia baada ya siku kadhaa, unyevu ulikuwa umembandua mkamwana. Amebaki ameshikwa miguu tu, mwili umejipinda mbele, na kivuli chake kimeanguka kwenye migomba iliyochorwa nyuma. Nilirudi hatua mlangoni. Wallahi nilidhani anatoka. Mzee Salehe akaja, akatazama muda, akasema, "Mkandamize huyo." Sikumkandamiza. Nilimwekea kipande cha boksi mgongoni ili asimame vile vile mbali na pazia, nikakata mgomba kutoka picha nyingine nikausimamisha katikati, na baba mkwe nikamleta mbele upande wa pili. Ukitazama kutoka mlangoni unawaona wote wawili. Wao kila mmoja anaona mgomba.

Mzee wa Lupepo aliporudi aliinama pembeni, akaweka jicho pale kichwa chake cha karatasi kilipokuwa, kuhakikisha kama kutoka hapo anamwona mkamwana. Hakumwona. "Ndaga," akasema, yaani asante. "Hapa naweza kukaa." Kitu hicho hakingeweza kuingia bahasha ya posta tena, ikabidi nikitengenezee kisanduku. Kwa hiyo wageni wakija kuwauliza mlijifunza wapi kuzipa picha kina, waambieni kwa baba mkwe wa watu.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikawa ruksa: mitumba, maredio, filamu za rangi. Vijana wenye vikamera vidogo wakawa wanapiga harusi za watu, wanapeleka filamu Mbeya na kurudi na picha zinazong'aa. Picha zetu za rangi moja zikaonekana za matanga. Mzee Salehe aliuza mashine ya kukuzia, akafunga mizigo kurudi Kondoa. Aliniachia ufunguo na maboksi ya picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua, miaka na miaka ya nyuso. Akaniambia, "Picha ya mtu ni amana, usitupe." Nikabaki peke yangu na halaiki ile.

Wakati huohuo viwanda vya chai viliacha masanduku ya plaiwudi vikaanza kutumia mifuko ya karatasi. Masanduku yale yenye karatasi ya kung'aa ndani yakawa mabanda ya kuku Tukuyu nzima. Mimi niliyachukua nikayakata. Ile karatasi ya ndani inashika mwanga ukawa kama asubuhi yenye ukungu, na mbele yake nilisimamisha watu kwa safu tatu, nne, kila safu na umbali wake. Niliwachukua wale wa kwenye maboksi, wasio na mwenyewe, nikawapa nyumba, majirani, ng'ombe. Nilikuwa nafanya hivyo bila kuagizwa, kwa kuwa sikuweza kukaa na nyuso zile zinanitazama bure.

Mikono ndiyo ilinisumbua. Ukimkata mtu kutoka kwenye kundi unampata kichwa na kifua, mikono imebaki kwenye mabega ya wenzake. Kwa hiyo kila nilipoona mkono mzuri niliukata nikauweka akiba kwenye kopo la maziwa ya unga. Wa kulia na wa kushoto, wa kushika fimbo, wa kubeba mtoto, wa kukaa tu juu ya goti. Kopo likajaa. Kwangu lilikuwa kama kopo la vifungo la fundi cherehani.

Mama Lusajo alikuja kutoka Masukulu akiwa na picha moja ya kwaya. Mwanawe Lusajo alikuwa kaondoka kwenda kwenye dhahabu, Chunya, na hakuandika. Katika picha alikuwa safu ya pili, anaonekana kichwa na bega. "Gwe Tumpe," yaani wewe Tumpe, mama akaniambia, "nisimamishie mtoto pale nyumbani. Nataka nikiamka nimwone amesimama mlangoni." Aliongea Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake, polepole, na machozi hayakuwa mbali. Nilimpa Lusajo suruali ya mtu mwingine, viatu vya mwingine, na mkono wa kulia kutoka kwenye kopo, uliolala vizuri, nikaulaza juu ya fremu ya mlango. Mama alipoona alisema, "Ndaga fijo," asante sana, akakibeba kisanduku kifuani mpaka Masukulu, hakukubali kukiweka kichwani.

Ndipo ukaja ule uvumi, na Mungu atusamehe, haukuwa uvumi mtupu, kwamba watu wanauawa na kuchunwa ngozi, na ngozi zinavushwa mpaka kwenda kuuzwa. Kila biashara ilikuwa imefunguliwa, watu wakaamini na hiyo imo. Tukaacha kwenda shamba peke yetu. Wachuma chai walitembea kwa makundi wakiimba ili wajulikane wako wazima. Mgeni akiuliza njia alijibiwa kwa mawe. Mimi nilikuwa nafungua studio nikiwa nimetazama nyuma, nafunga nikiwa nimetazama nyuma, na hata ndani nilikaa mgongo ukutani.

Katika siku hizo wana maombi walikusanyika kwa Mama Lusajo, na kati yao alikuwamo Gwamaka, kiongozi wa sungusungu, walinzi wa kijiji pale. Alikitazama kisanduku, akasogea, akatazama tena. Kidole cha mwisho cha ule mkono kilikuwa kimepinda kwa ndani. Akasema mbele ya watu wote, "Huu ni mkono wa baba." Baba yake alivunja kidole hicho akiangusha mkungu wa ndizi, na alishazikwa. Mimi nilikiona kile kidole nilipokata, nikakipenda. Sikuwahi kujiuliza ni cha nani.

Siku ya pili Gwamaka akaja studio na wenzake, wana mapanga. Hakuwa mtu wa kelele. Alisimama mlangoni akauliza, "Tumpe, vifaa vyako viko wapi?" Nikaonyesha meza. Mmoja akafungua kopo la maziwa, akatazama ndani, akalifunga haraka. Akampa Gwamaka. Gwamaka akalitazama naye, akanitazama mimi, na nikaona kwamba yeye pia ameogopa. Mtu mwenye panga akiogopa ni jambo baya kuliko akikasirika. Akasema, "Twende Masukulu. Mwenyekiti wa kijiji anakungoja."

Nilikwenda katikati yao, mkoba wangu wa kazi begani kwa kuwa sikuwa na akili ya kuuacha. Mvua ilikuwa ndogo ile isiyokatika. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa watu na hakuna aliyenisalimia, na kwetu mtu asiposalimiwa ajue habari imeshaamuliwa. Wakatandika mkeka barazani. Kisanduku cha Mama Lusajo kilikuwa kimewekwa mezani, naye amekaa kando yake ameinama. Gwamaka akalimwaga kopo juu ya mkeka.

Mimi niliyeikata moja moja niliogopa pia. Sikuwa nimewahi kuiona yote kwa pamoja. Mikono midogo ya kijivu, mingine kiganja juu, mingine imekunjwa, imejaa mkeka. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja alianza kuomba kwa Kinyakyusa na wanawake wakavuta watoto nyuma.

Mwenyekiti akauliza, "Tumpe, hii ni mikono ya nani?"

Nikasema, "Ya watu ambao hawakurudi kuchukua picha zao."

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiria jibu lililo bora zaidi. Pale uwanjani lilitokea hilo, na watu wakanisogelea.

"Ni karatasi," nikasema. "Mwenyekiti, guseni. Ni karatasi tu."

"Tunaona ni karatasi," Gwamaka akasema. "Baba tulimzika na mikono yake yote. Leo namkuta mkono wake uko kwa mtoto wa watu, umeshika mlango wa watu. Sasa hivi watu wanatafutwa viungo vyao, wewe unavipanga kwenye kopo. Ungekuwa mimi ungesema ni karatasi?"

Ningekuwa yeye nisingesema. Watu wakaanza kusema mikono ichomwe, na sauti moja nyuma ikasema achomwe. Mwenyekiti akainua mkono. Alikuwa mtu mzima mwenye busara, naye alijua kwamba akikosea maneno mawili hapo hataweza tena kuwazuia. Akamuuliza Gwamaka, "Unataka nini?"

"Nataka mkono wa baba. Aukate mwenyewe hapa, tuone."

Nilielewa anachoomba, na kila mtu pale alielewa. Kuukata ule mkono ni kumkata Lusajo mbele ya mama yake, mtoto ambaye hakuna ajuaye yuko wapi, anapasua mawe Chunya au amelala chini yake. Nilitoa wembe kwenye mkoba. Nikamtazama Mama Lusajo. Nilikuwa tayari akikataa nikatae naye, Mungu anajua, ingawa sijui miguu yangu ingesema nini.

Mama Lusajo akainua uso. "Kata tu, mwanangu," akasema. "Mpe mwenyewe. Wangu akija atakuja na yake."

Nikakata. Nikasogeza karatasi, si wembe, kama nilivyofundishwa. Mkono ukatoka mzima, Gwamaka akaupokea kwa kitambaa, akaukunja, akauweka mfuko wa shati. Iliyobaki kwenye mkeka wakaichoma uwanjani, na kwa kuwa imeloa mvua ilichukua muda na moshi mwingi. Lusajo akabaki amesimama mlangoni, mkono wa shati umekwisha hewani. Mwenyekiti alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani.

Mngedhani hofu iliishia hapo. Ile ya panga iliisha. Iliyoanza ilikuwa nyingine, na sikuweza kumwambia mtu. Nilianza kuwaza kwamba nimemkata Lusajo mwenyewe. Najua karatasi ni karatasi, mimi ndiye niliyeisugua msasa. Lakini kila aliyetoka Chunya nilimtafuta sokoni nikamuuliza habari za huko, na wote walikuwa na habari za mikono: fulani kapondwa na jiwe, fulani baruti imemwahi. Nikirudi nyumbani sili. Mama Lusajo naye niliwahi kumsikia akimuuliza dereva, "Ulimwona? Mzima? Na mikono?" Alipogundua nimesikia alibadili maneno.

Kuanzia hapo sikumpa mtu mkono tena. Niliwaficha mikono yao yote, ndani ya koti, nyuma ya mgomba, chini ya kitabu, mahali ambapo wembe wa mtu yeyote hautafika. Wageni walipoanza kuja wakipenda masanduku, mmoja alinieleza kwa muda mrefu kwamba ninazungumzia nguvukazi ya mkulima kupotea katika soko huria. Nikamwambia ndiyo.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja, wakati wa baridi ile ya Julai, jirani wa Masukulu akapita studio akasema, "Tumpe, unaitwa kwa Mama Lusajo. Kijana amerudi." Nikauliza, "Yukoje?" Akasema, "Amerudi tu." Sikuuliza zaidi. Njia nzima nilikuwa naomba, na nilipofika uani nikasimama kwanza kando ya jiko.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya kisanduku chake, mwanamume mwenye mvi tayari, amejifunika blanketi mpaka shingoni. Alikohoa kikohozi cha vumbi la mgodini. Mikono yote ilikuwa ndani ya blanketi. Mama yake alisimama kando, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Lusajo," akasema, "huyu ni dada yako Tumpe. Msalimie."

"Shikamoo, dada," akasema, hakutoa mkono.

Nilikuwa natazama blanketi. Blanketi likasogea, ukatoka mkono wa kushoto, ukavuta lile pindo lililoteleza, ukarudi ndani. Nikashika mlango. Nadhani nilisema kitu, kwa sababu mama yake alimgeukia akasema kwa upole, "Mpe mkono, mwanangu. Wa kulia."

Akautoa. Ulikuwa mpana, umechubuka, kucha moja nyeusi, wa moto kwa kuwa ulikuwa umefunikwa. Niliupokea kwa mikono yangu miwili nikaanza kuupapasa, kidole kwa kidole, nikifika cha mwisho naanza tena. Lusajo akamwuliza mama yake kwa Kinyakyusa huyu dada ana nini, mbona analia. Mama Lusajo akamwambia anyamaze, aniache nimalize kuhesabu.